Gurudumu la Inchi Nane: Kufunga na Kusawazisha Matairi ya Tuktuk Kitale na Bungoma

Katika miji ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, pikipiki ya magurudumu matatu, ambayo Wakenya huiita tuktuk na Watanzania huiita bajaji, imekuwa tegemeo la watu wengi wasio na gari, kwa kuwa humfikisha mgonjwa hospitalini, humrudisha mfanyabiashara nyumbani pamoja na magunia yake, na humsitiri abiria wakati wa mvua. Chombo hicho kikibeba dereva na abiria watatu hufikia uzito wa takriban kilo 630, na uzito huo wote hugusa ardhi mahali patatu tu. Tairi likiwa na upepo wa pauni 30, yaani msukumo wa pauni 30 juu ya kila inchi ya mraba, ambao ni kama kilo 2.1 juu ya kila sentimita ya mraba, basi kwa hesabu ya kugawanya uzito kwa msukumo, kila gurudumu hukanyaga barabara kwa eneo la sentimita 100 hivi za mraba, eneo linalokaribiana na kiganja cha mtu mzima bila vidole.

Roho za watu wanne, kwa hiyo, huwa zimeshikiliwa na viganja vitatu vya mpira, na kazi ya fundi anayefunga matairi hayo, ijapokuwa mara nyingi hufanyika kando ya barabara juu ya gunia lililotandikwa chini, ina uzito uleule wa kazi ya fundi wa breki. Wako wanaodhani kwamba gurudumu dogo linahitaji uangalifu mdogo, na kwamba kusawazisha uzito wa matairi ni anasa ya wenye magari makubwa. Makala haya yanaeleza kwa nini dhana hiyo si sahihi, na namna kazi hiyo inavyoweza kufanywa kwa ukamilifu hata na fundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, mwenye vifaa vichache.

Udogo wa gurudumu na matokeo yake

Tuktuk nyingi za abiria hufungwa tairi lenye maandishi 4.00-8 ubavuni. Tarakimu za kwanza hutaja upana wa tairi kwa inchi, na ile ya mwisho hutaja kipenyo cha ringi, yaani chuma kinachobeba tairi, ambacho ni inchi 8. Zile za mizigo, zenye kichwa cha pikipiki na bodi nyuma, kwa kawaida hutumia ringi ya inchi 12. Tairi la 4.00-8 lililojaa upepo huwa na kipenyo cha karibu sentimita 41, kwa hiyo likizunguka mara moja huisogeza tuktuk kwa mita 1.29 hivi, na katika kila kilomita hulazimika kuzunguka zaidi ya mara 770. Dereva anayesafiri kilomita 80 kwa siku, akienda na kurudi kati ya katikati ya mji wa Bungoma na Kanduyi, Musikoma au Kibabii, huwa amelizungusha kila gurudumu zaidi ya mara 60,000 kabla jua halijatua. Kasoro yoyote iliyomo katika gurudumu hilo, iwe ni ringi iliyopinda au upande mmoja uliozidi uzito, hujirudia mara zote hizo.

Udogo huo una matokeo mengine barabarani. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo dogo kama mtu wa hatua ndefu avukavyo mfereji, ilhali gurudumu la inchi 8 huzama shimoni na kugonga ukingo wa pili kwa nguvu, na pigo hilo hupita kwenye tairi likaifikia ringi, kisha beringi, ambazo ni vyuma vya mviringo vinavyoliwezesha gurudumu kuzunguka kwa wepesi. Katika kaunti ya Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, mvua hunyesha kwa sehemu kubwa ya kipindi cha kati ya Machi na Novemba, na barabara za murami zinazoingia mitaani na mashambani hubaki na makorongo na mawe yaliyochongoka. Katika kaunti ya Bungoma, matrekta ya miwa hukwangua kingo za barabara ambako tuktuk hupishana nayo.

Kisha kuna miiba. Sehemu nyingi za nyanda hizi huzungushiwa ua wa kayaba, mmea wenye miiba mirefu na migumu, na ua huo unapopunguzwa, matawi makavu husambaa njiani. Mwiba wa kayaba ukiingia ndani ya tairi huweza kukaa kwa siku kadhaa pasipo dereva kujua, ukitoboa kidogokidogo mpira wa ndani ambao mafundi huuita tyubu, hata upepo ukapungua kwa namna isiyoonekana kwa macho. Wahenga waliosema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende walikuwa wakizungumzia mguu wa mtu, lakini fundi anayeingiza tyubu mpya bila kuutafuta mwiba wa zamani huuona ukweli wa methali hiyo kabla ya siku kwisha, mteja anaporudi na pancha mahali palepale.

Maandishi ya ubavuni

Kabla ya kununua tairi, mwenye chombo anapaswa kuyasoma maandishi yake, kwa maana huko ndiko tairi linakojieleza. Mbali na ukubwa, huwapo alama ya uimara wa nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira, mathalani 6PR, ambayo huonyesha uwezo wa kubeba mzigo, na kadiri tarakimu hiyo inavyokuwa kubwa ndivyo tairi linavyostahimili mzigo mzito zaidi. Herufi ya mwendo hutaja kasi ya juu inayoruhusiwa: E ni kilomita 70 kwa saa, F ni 80, na J ni 100. Mshale, kama upo, huonyesha upande ambao tairi linapaswa kuzungukia, na kulifunga kinyume hupunguza uwezo wa mistari ya tairi kuyatoa maji na matope.

Tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara kirefu hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 1824 humaanisha wiki ya 18 ya mwaka 2024. Jambo hili lina uzito wake Kenya, kwa sababu tangu kampuni ya Sameer Africa ilipokifunga kiwanda chake cha Nairobi mwaka 2016, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza matairi ya Yana, soko limetegemea mno matairi yanayovuka bahari na kukaa maghalani kabla ya kufika katika maduka ya Kitale. Mpira huzeeka hata usipotumika. Hukauka na kupasukapasuka, na tairi linaloonekana jipya kwa sababu halijawahi kugusa barabara linaweza kuwa limekwisha nguvu.

Ringi ya vipande viwili

Historia ya tairi la upepo ina uhusiano wa karibu na magurudumu matatu. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alilibuni tairi lake ili kupunguza mtikisiko wa baiskeli ya mwanawe, na baiskeli hiyo ilikuwa ya magurudumu matatu. Hati ya kuulinda uvumbuzi wake aliipata mwaka 1888. Miaka 60 baadaye, mwaka 1948, kampuni ya Piaggio ya Italia ilianza kuuza Ape, neno lenye maana ya nyuki, ambayo ndiyo nyanya wa tuktuk za leo. Msanifu wake, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na katika pikipiki ya Vespa, iliyotangulia mwaka 1946, alilishikiza gurudumu la mbele kwa mkono wa upande mmoja, kama gurudumu la ndege, ili liweze kutolewa kwa urahisi pancha inapotokea.

Kutoka katika ukoo huo tuktuk imerithi ringi ndogo iliyogawanyika. Badala ya kuwa chuma kimoja ambacho tairi husukumwa juu yake kwa mitaimbo, ringi hiyo huwa na nusu mbili zinazokutana katikati na kuunganishwa kwa bolti na nati. Tairi huingizwa baina ya nusu hizo, kisha nati hukazwa, na kwa sababu hiyo fundi hahitaji mashine kubwa ya kuvalishia matairi. Spana mbili na nyundo ya mpira humtosha.

Urahisi huo, hata hivyo, umeficha hatari ambayo kila fundi na kila mwanagenzi lazima aijue kabla ya kushika spana. Gurudumu huwa na nati za aina mbili: zile zinazolishikilia gurudumu kwenye habu, yaani kitovu cha chuma linachofungwa juu yake, na zile zinazoziunganisha nusu mbili za ringi. Fundi akizilegeza hizi za pili wakati tairi lina upepo, msukumo wote uliomo ndani huzitenga nusu hizo kwa ghafla, na kwa kuwa kila sentimita ya mraba inasukumwa kwa zaidi ya kilo 2, jumla ya nguvu hiyo hufika mamia ya kilo, nguvu inayoweza kuvunja mkono au kupasua uso. Kanuni ni moja na haina msamaha: upepo hutolewa wote, na kidude cha ndani ya valvu, yaani tundu la kujazia upepo, hufunguliwa na kuwekwa kando, ndipo nati za ringi ziguswe.

Hatua za kufunga

Kazi huanza gurudumu likiwa bado chini. Nati za habu hulegezwa kidogo, jiwe huwekwa kwenye magurudumu mengine ili tuktuk isiserereke, kisha jeki huinua upande unaohusika. Gurudumu likishatolewa na upepo kuisha, nusu za ringi hutenganishwa, na hapo ndipo fundi makini hujitenga na fundi wa haraka. Fundi makini huisugua ringi kwa brashi ya waya mpaka kutu yote itoke, kwa sababu punje za kutu huisaga tyubu na kuitoboa. Huilaza ringi mahali tambarare kuona kama imepinda. Na huupitisha mkono polepole, akiwa ameufunga kitambaa, ndani ya tairi kuutafuta mwiba, msumari au kipande cha waya.

Tyubu hutiwa upepo kidogo, kiasi cha kuiwezesha kupata umbo lake la duara pasipo kutanuka, na hupakwa poda ili isishikamane na tairi na kujikunja. Huingizwa ndani ya tairi na valvu yake huelekezwa kwenye tundu la ringi. Matairi mengi mapya huwa na nukta ya rangi ya njano ubavuni, nayo huonyesha sehemu ya tairi iliyo nyepesi kuliko nyingine. Nukta hiyo hupangwa karibu na valvu, kwa kuwa valvu huongeza uzito upande wake, na kwa njia hiyo uzito na wepesi huanza kufidiana hata kabla ya kusawazisha.

Nusu mbili za ringi zinapokutanishwa, fundi hupitisha jicho na kidole mzunguko mzima kuhakikisha kwamba tyubu haikubanwa baina ya vyuma, kosa ambalo huleta pancha siku ileile tuktuk inapotoka gereji. Nati hukazwa kwa kuvuka kutoka upande hadi upande, kidogokidogo, badala ya kufuatana kwa duara, ili nusu hizo zikutane sawasawa. Kisha upepo hujazwa kwa awamu: hutiwa kiasi, hutolewa, na hutiwa tena, ili tyubu ipate nafasi ya kujinyoosha mikunjo. Mwishoni fundi huutazama mstari mwembamba uliochorwa kwenye tairi karibu na ukingo wa ringi. Mstari huo ukiwa na umbali uleule kutoka kwenye chuma pande zote, tairi limekaa vizuri. Ukiingia ndani upande mmoja, limekaa mshazari na lazima kazi irudiwe.

Kusawazisha uzito

Gurudumu lililofungwa vizuri bado linaweza kuwa na upande mzito, kwa kuwa tairi, tyubu na ringi haviwi na uzito ulio sawa pande zote. Kusawazisha, jambo ambalo madereva hulitaja kama kubalansi, ni kuongeza vipande vidogo vya chuma au risasi upande mwepesi mpaka uzito ulingane. Kazi hii haipaswi kuchanganywa na alaimenti, ambayo ni kuyanyoosha magurudumu ili yote yaelekee upande mmoja.

Umuhimu wake huonekana kwa hesabu. Chukulia kwamba gurudumu la sentimita 41 limezidi gramu 20 mahali pamoja kwenye uso wa tairi, uzito mdogo mno usioweza kutambulika mkononi. Tuktuk ikienda kilomita 20 kwa saa, gramu hizo huvuta gurudumu kwa nguvu ya kama robo kilo na ushei. Ikienda kilomita 40, nguvu hiyo hufika kilo 1.2, kwa maana kasi ikizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne; na ikienda kilomita 60 hufika karibu kilo 2.8. Tena, katika kasi ya kilomita 40, gurudumu hilo huzunguka karibu mara 9 kila sekunde, wakati gurudumu la gari dogo huzunguka karibu mara 6 tu. Mikono ya dereva huuhisi usukani ukitetemeka, hasa kosa likiwa kwenye gurudumu la mbele, ambalo ni moja tu na hubeba kazi yote ya kuongoza chombo. Beringi huchakaa mapema, na tairi hulika kwa mabakamabaka.

Mashine nyingi za kusawazisha zilizoko mijini zimeundwa kwa ajili ya ringi za magari, lakini gurudumu dogo linalokwenda kwa mwendo wa kadiri laweza kusawazishwa kwa mkono. Gurudumu la mbele huinuliwa kwa jeki, na fundi huhakikisha kwamba breki haigusi na beringi zinazunguka kwa wepesi. Hulisukuma polepole, huliacha lisimame lenyewe, kisha huweka alama ya chaki mahali palipo chini kabisa. Hurudia mara 3 au 4. Alama ikisimama kila mara mahali tofauti, gurudumu liko sawa; lakini ikishuka chini kila mara, hapo ndipo penye uzito, na kipande cha gramu 5 au 10 hubandikwa kwenye ringi upande wa juu, mkabala na chaki. Fundi huendelea kuongeza na kujaribu mpaka gurudumu liweze kusimama popote linapoachwa.

Magurudumu ya nyuma hayawezi kupimwa hivyo yakiwa mahali pake, kwa sababu yameungana na gia na hayazunguki kwa uhuru. Hata hivyo, katika tuktuk ambazo ringi zote tatu zinafanana na gurudumu moja la akiba hufaa kila mahali, kila gurudumu la nyuma laweza kufungwa kwa muda kwenye habu ya mbele, likasawazishwa hapo, kisha likarudishwa nyuma. Njia hii inahitaji jeki, chaki na uvumilivu, vitu ambavyo hakuna gereji ya Kitale wala Bungoma inayovikosa.

Magurudumu pacha ya nyuma

Ni desturi ya madereva wengi kubadilisha tairi moja la nyuma na kuliacha la pili lenye kipara, yaani lililokwisha mistari. Tuseme jipya lina kipenyo cha sentimita 41 na la zamani limelika hadi sentimita 40. La kwanza huzunguka kama mara 776 katika kila kilomita, na la pili kama mara 796. Tofauti hiyo ya mizunguko 20 hulazimika kumezwa na difu, yaani gia zinazoruhusu magurudumu ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti wakati wa kukata kona, na gia hizo hufanya kazi bila kupumzika hata njia inaponyooka. Juu ya hayo, upande wenye kipara huteleza upesi kwenye matope, na tuktuk huvutwa upande mmoja inapofunga breki. Matairi ya nyuma, basi, hununuliwa pamoja, na lile la zamani lililo bora zaidi huwekwa akiba.

Upepo wa asubuhi

Kiasi cha upepo hufuata maagizo ya kampuni iliyotengeneza chombo, na hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Joto likipanda kwa nyuzi 20, kipimo cha pauni 30 hupanda kwa karibu pauni 3, kwa hiyo tairi lililopimwa adhuhuri na kuonekana limetosha huamka likiwa na upungufu katika baridi ya alfajiri ya Kitale. Wako wanaoulaumu mwinuko, kwa kuwa Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma karibu mita 1,400, lakini tofauti hiyo hubadilisha kipimo kwa chini ya pauni moja; joto na baridi ndivyo vya kuangaliwa zaidi. Tairi lenyewe nalo hutoa ushahidi: likilika katikati, upepo umezidi, likilika kingo zote mbili, upepo umepungua, likilika ukingo mmoja, alaimenti imeharibika au chuma kimepinda.

Elimu hii yote tayari imo mikononi mwa mafundi wengi wa jua kali, walioipata kwa kutazama na kujaribu, na inastahili kutambuliwa rasmi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) huwapima mafundi kwa kazi ya mikono yao na kuwapa vyeti, na vyuo kama Kitale National Polytechnic viko karibu na gereji hizo. Somo la ringi ya vipande viwili likifundishwa kwa mwanagenzi siku yake ya kwanza, majeraha mengi yataepukika.

Dereva naye ana sehemu yake. Nati zilizokazwa upya hulegea kidogo vyuma vinapozoeana, kwa hiyo baada ya safari ya kwanza, kama kilomita 50 hivi, inampasa arudi kwa fundi wake zikazwe mara ya pili. Kituo hicho hula dakika chache tu za siku ya kazi, na abiria aliyeketi nyuma na mtoto mapajani hatajua kamwe kwamba kilifanyika. Atafika tu nyumbani salama.